Gazeti ni Mali ya Nani? Safari ya Magazeti Yetu Tangu Enzi ya Chama Kimoja Hadi Leo

Tunajua kwamba wengine wenu mmefunga meza zenu sokoni mapema, na saa moja ya jioni kwa mfanyabiashara wa Kariakoo si kitu cha kuchezea. Tutajitahidi tusiwapotezee muda.

Kila asubuhi, kabla maduka ya Mtaa wa Msimbazi hayajafunguliwa, wauza magazeti huwa wamekwisha kutandaza mali yao kwenye kona. Watu husimama, wengine mikono nyuma, wakasoma vichwa vya habari vya ukurasa wa kwanza, wakabishana kidogo, kisha wakaenda zao bila kununua. Muuzaji hawafukuzi. Anajua kwamba bei ya gazeti moja yatosha chai na maandazi, na aghalabu mtu mwenye njaa huchagua chai. Hata lile linalonunuliwa halisomwi na mtu mmoja. Kinyozi huliacha kwenye benchi, wateja wakalipokezana, na kesho yake likafungia karanga.

Basi gazeti lile ni mali ya nani? Ni la mwenye mtambo wa kuchapa? Ni la mwandishi? Ni la serikali iliyotoa leseni? Au ni la yule aliyelisoma akiwa amesimama? Swali hili ndilo tunalotaka kulitafakari jioni ya leo. Jibu ambalo historia inatupa, tusipende tusitake, ni hili: kwa miaka mingi gazeti limekuwa mali ya yule mwenye uwezo wa kulifunga.

1. Kabla ya Uhuru

Magazeti ya kwanza ya Kiswahili katika nchi yetu yalitolewa na misheni na serikali za kikoloni. Wamisionari wa Kianglikana walichapa Msimulizi huko Kiungani, Unguja, tangu 1888. Waingereza walipoitwaa Tanganyika walianzisha Mambo Leo mwaka 1923, hapa Dar es Salaam. Gazeti lile lilipendwa. Lilikuza ushairi na lugha yetu, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapwa humo. Lakini lilikuwa gazeti la serikali, na lililoiudhi serikali halikupata nafasi.

Mwafrika wa kwanza kuwa na gazeti lake katika nchi hii alikuwa mwenye duka. Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyefanya biashara mjini humu, alianzisha Kwetu mwaka 1937. Tunawaomba wafanyabiashara mlitie jambo hili moyoni. Sauti ya kwanza ya Mwafrika iliyochapwa bila kuomba ruhusa ya bwana ilitoka kwa mtu aliyekaa nyuma ya kaunta, akijua bei ya sukari na uchungu wa kodi.

Ilipofika miaka ya 1950, magazeti yalikuwa silaha ya kudai uhuru. Mashado Plantan alikuwa na Zuhra. Mwaka 1957 lilizaliwa Mwafrika, na mwaka uliofuata wahariri wake wawili, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walihukumiwa kifungo kwa kosa la uchochezi. Mwaka huo huo wa 1958 Mwalimu Nyerere mwenyewe alishtakiwa kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU, akiwatuhumu maofisa wawili wa wilaya. Mahakama ilimtaka alipe faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au aende jela miezi sita. Faini ililipwa.

Tunayakumbusha haya kwa sababu moja. Waliokuja kuitawala nchi walikuwa wameonja wenyewe makali ya sheria inayomwadhibu mtu kwa maandishi yake. Mtu angetazamia kwamba siku ya Uhuru sheria ile ingekuwa ya kwanza kutupwa. Haikutupwa.

2. Gazeti la Chama

Uhuru lilianza mwaka 1961 likiwa gazeti la TANU, na kwa miaka mingi ofisi zake zimejulikana hapa hapa Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi kutoka sokoni. Mwaka 1964 likaongezwa The Nationalist kwa wasomao Kiingereza. Gazeti kubwa la walowezi na wafanyabiashara wa kigeni, Tanganyika Standard, lililoanza 1930, lilitaifishwa tarehe 5 Februari 1970, katika mwaka wa tatu wa Azimio la Arusha. Tarehe 26 Aprili 1972 likaunganishwa na The Nationalist, likawa Daily News. Kwa msomaji wa Kiswahili, gazeti la kila siku lilikuwa Uhuru, na Jumapili ilikuwa zamu ya Mzalendo.

Tuwe wakweli: nia haikuwa mbaya. Hoja ilikuwa kwamba haifai sauti ya nchi maskini imilikiwe na kampuni tajiri ya ng'ambo. Siku ya kulitaifisha Standard, Mwalimu alitoa waraka uliosema kwamba gazeti hilo litaunga mkono siasa ya ujamaa, lakini litakuwa huru kujadili na kukosoa utekelezaji wake. Mhariri aliyeteuliwa alikuwa Frene Ginwala, mpigania uhuru wa Afrika Kusini. Mwaka uliofuata liliandika tahariri kali kumlaani Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwanyonga wapinzani wake. Nimeiry alikuwa rafiki wa serikali yetu. Mhariri akaondolewa. Waraka ulikuwa umetoa uhuru, lakini aliyeutoa ndiye aliyebaki na ufunguo.

Mwaka 1976 Bunge lilipitisha Sheria ya Magazeti. Ilichukua mahali pa sheria ya Waingereza ya 1928, lakini ilihifadhi roho yake. Waziri alipewa uwezo wa kulifungia gazeti kwa amri akiona kwamba manufaa ya umma au amani na utulivu vinadai hivyo. Kwamba kweli vinadai, ni yeye mwenyewe aliyeamua. Mwaka huo huo liliundwa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Benjamin Mkapa, aliyekuwa amehariri The Nationalist, Uhuru na Daily News, kisha akawa mwandishi wa habari wa Rais. Chumba cha habari na Ikulu vilikuwa nyumba mbili zenye ua mmoja.

Tusisahau upande wa pili wa mizani. Serikali ile ile iliwafundisha watu kusoma. Wakati wa sensa ya 1967 takriban theluthi moja tu ya watu wazima ndio waliojua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, walikuwa asilimia 90. Akina mama wa vijijini walijifunza a, e, i, o, u chini ya mwembe, watoto mgongoni. Hiyo ni kazi ya haki, na tunaiheshimu. Lakini ni ajabu iliyoje kumfundisha kila mtu kusoma, kisha ukampa gazeti moja tu la kusoma!

Msomaji hakukaa kimya. Kurasa za barua za wasomaji na za mashairi zilijaa malalamiko yaliyovikwa nguo za heshima: duka la ushirika halina khanga, mwenyekiti wa kijiji amekula mbolea, basi la Shirika la Usafiri halionekani. Mkubwa wa juu hakuguswa, lakini mdogo wa chini alisemwa. Nje ya mikono ya Chama na serikali yalibaki machache, likiwemo Kiongozi la Kanisa Katoliki, lililochapwa Kipalapala, Tabora, tangu 1950. Nasi wa magazeti ya dini tusijitakase. Kuwa nje ya Chama hakukumaanisha kwamba tulisema kila tulilolijua.

3. Nyumba Iliyofanana na Yetu

Mwenye kuitazama nyumba yake peke yake hadhani kwamba ina kasoro. Kwa hiyo tunawaomba twende kidogo Urusi, kwa maana huko ndiko mfumo wa gazeti la chama ulikokomazwa kabla ya kuigwa na nchi nyingi.

Chama cha Kikomunisti kilikuwa na Pravda, lililoanza 1912. Jina hilo maana yake ni Ukweli. Serikali ilikuwa na Izvestia, lililoanza 1917, yaani Habari. Wananchi wenyewe walikuwa na mzaha wao, kwamba ndani ya Ukweli hamna habari, na ndani ya Habari hamna ukweli. Siku chache baada ya kutwaa madaraka, mwaka 1917, wakomunisti walitoa amri ya kuyafunga magazeti ya wapinzani. Amri ilisema ni ya muda tu, mpaka hali itulie. Mwaka 1922 wakaunda idara ya kukagua kila kitu kabla hakijachapwa. Mambo hayo ya muda yalidumu mpaka 1990. Nao pia, kama sisi, walifanya kampeni kubwa ya kufuta ujinga tangu 1919, na nao pia waliwapa wasomaji wapya sauti moja.

Mikhail Gorbachev alipolegeza kamba katika miaka ya 1980, kiu ya watu ilionekana wazi. Gazeti la kila wiki Argumenty i Fakty lilichapwa zaidi ya nakala milioni 33 kwa toleo moja mwaka 1990. Mwaka huo sheria mpya ilifuta ukaguzi. Watu walidhani safari imefika mwisho.

Haikufika. Katika miaka ya 1990 bei ya karatasi ilipanda, ruzuku zikaisha, na magazeti mengi yakaangukia mikononi mwa matajiri wa mafuta na mabenki, ambao waliyatumia kupigania maslahi yao. Wasomaji walipoona hivyo, imani yao ilipungua. Kisha dola ikarudi, safari hii ikipitia mlango wa umiliki. Mwaka 2005 Izvestia lilinunuliwa na kampuni iliyo chini ya shirika la gesi la serikali. Novaya Gazeta, lililoanza 1993 na kusaidiwa na Gorbachev kwa sehemu ya fedha za Tuzo yake ya Nobel, lilikataa kuinama. Mwandishi wake Anna Politkovskaya aliuawa kwa risasi tarehe 7 Oktoba 2006. Mhariri wake Dmitry Muratov alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2021. Miezi michache baadaye vita vya Ukraine vikaanza, ikatungwa sheria ya kifungo cha hadi miaka 15 kwa atakayeeneza habari zinazoitwa za uongo juu ya jeshi. Machi 2022 gazeti hilo likasimamisha uchapaji, na Septemba mahakama ikalinyang'anya leseni.

Funzo ni nini? Ni kwamba kuufungua mlango si sawa na kuutupa ufunguo. Warusi walifunguliwa mlango na wachache waliokuwa na ufunguo, na wachache wengine wakaufunga.

4. Mlango Wetu Wafunguliwa

Kwetu mlango ulianza kufunguka mwaka 1988, gazeti la Business Times lilipotoka. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliundwa kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Katika taarifa yake ya 1992 ilitaja sheria 40 zilizokuwa kandamizi, Sheria ya Magazeti ya 1976 ikiwa mojawapo. Mfumo wa vyama vingi ulirudi rasmi tarehe 1 Julai 1992.

Mliokuwa watu wazima wakati ule mnakumbuka. Majira, Rai, Nipashe, Mtanzania: kona zile zilizokuwa na magazeti mawili matatu zikawa kama gulio. Mkuu wa wilaya aliulizwa swali gazetini. Ripoti za rushwa zilijadiliwa kwenye daladala. Mwaka 1995 wanahabari waliunda Baraza la Habari Tanzania, ili anayechafuliwa jina apate pa kulalamikia bila kulazimika kumwita polisi. Mwaka 2000 lilikuja Mwananchi, likapata wasomaji nchi nzima.

Lakini vyama viliongezeka, magazeti yaliongezeka, na sheria ya 1976 ikabaki palepale. Ilibaki miaka 24 tangu Tume ya Nyalali iitaje.

5. Ufunguo Mikononi mwa Waziri

Tutataja matukio machache, si kwa kumsuta mtu, bali ili tuone mwendo wa jambo lenyewe.

Oktoba 2008 MwanaHalisi lilifungiwa miezi mitatu. Julai 2012 likafungiwa bila kikomo, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikatamka kwamba amri hiyo haikuwa halali. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Mwenye gazeti alishinda kesi, lakini msomaji hatarudishiwa habari za miaka mitatu. Septemba 2013 Mwananchi lilifungiwa siku 14, na Mtanzania siku 90.

Mwaka 2016 sheria ya 1976 ilifutwa hatimaye, ikaja Sheria ya Huduma za Habari. Wengi walishangilia kabla ya kuisoma. Sheria hiyo na kanuni zake zilileta leseni ya kuhuishwa kila mwaka, na anayetoa leseni ni ofisa wa serikali. Mwaka 2017 pekee Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati tofauti. Juni 2020 Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni kabisa. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, jijini Arusha, ilikuwa imekwisha kuamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza vyombo vilivyofungiwa vifunguliwe, na Februari 2022 magazeti manne yakarudishiwa leseni. Tulifurahi. Juni 2023 Bunge likapunguza makali ya baadhi ya vifungu. Hata hivyo leseni ilibaki.

Ndugu zetu, tukio linalofundisha kuliko yote ni la Agosti 2021. Gazeti lililofungiwa siku 14 mwezi huo lilikuwa Uhuru. Naam, gazeti la chama tawala lenyewe, kwa sababu ya habari juu ya nia ya Rais kugombea mwaka 2025. Miaka sitini baada ya kuzaliwa kwake, mtoto wa nyumbani alifungiwa kwa ufunguo wa nyumbani. Ufunguo ukishachongwa haumuulizi mtu kadi yake ya chama.

Wapo pia walionyamazishwa bila amri yoyote ya maandishi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa televisheni, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini. Absalom Kibanda alivamiwa Machi 2013 akapoteza jicho. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji, alichukuliwa tarehe 21 Novemba 2017, na hajarudi. Tume ya Haki na Amani haiwezi kuzungumza juu ya magazeti bila kuyataja majina haya matatu. Tunawaomba tusimame kimya kwa muda mfupi.

Asanteni. Kaeni.

6. Ufunguo wa Pili: Mkoba

Tusidhani kwamba serikali peke yake ndiyo yenye ufunguo. Gazeti linalipia karatasi, wino, mtambo na gari la alfajiri. Nakala zinazouzwa hazitoshelezi gharama hizo, kwa hiyo linaishi kwa matangazo. Mtangazaji mkubwa ni serikali na mashirika yake, kisha kampuni za simu na mabenki. Mhariri anayetaka kuandika vibaya juu ya mtangazaji wake huhesabu kwanza mishahara ya mwisho wa mwezi. Huko hakuna amri wala mahakama. Habari haitoki, basi. Desemba 2020 kampuni iliyochapa Mtanzania na Rai ilisimamisha magazeti yake, na hapakuhitajika amri ya waziri. Hesabu ilitosha.

Chini kabisa ya ngazi yuko mwandishi wa kujitegemea, asiye na mkataba, anayelipwa kwa kila habari inayotoka. Akija kwenye mkutano wetu tukampa bahasha ya nauli, tunajua tunachonunua. Je, mara ngapi hata taasisi zetu za dini zimetoa bahasha hiyo? Tusimwonyeshe waziri kidole mkono wetu wa pili ukiwa mfukoni.

7. Uhuru Bila Uadilifu

Yupo atakayesema: basi yaacheni yaandike lolote. La hasha. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na gazeti lililoitwa Kangura, lililoanza 1990. Lilipanda chuki toleo kwa toleo, mpaka 1994 watu wakaivuna. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa mwaka 2003 na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, na baada ya rufaa kifungo chake kikawa miaka 35.

Lakini tuangalie tofauti. Ngeze alishtakiwa mbele ya majaji, kwa ushahidi, akiwa na wakili, na hukumu ikasomwa hadharani. Hiyo ndiyo njia ya haki. Kosa la gazeti lihukumiwe na mahakama, si na mtu yule yule aliyekosolewa. Ukimpa mshtakiwa nafasi ya hakimu, hata akihukumu sawasawa hatutaamini.

8. Leo: Simu Mkononi

Vijana watatuambia kwamba haya ni ya kale, kwamba habari siku hizi ziko kwenye simu. Ni kweli kwamba kona za magazeti zimepungua wanunuzi. Lakini ufunguo umeifuata habari ilikokwenda. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliifungia kampuni ya Mwananchi huduma za mtandaoni kwa siku 30, kwa ajili ya video ya katuni. Na siku ya Uchaguzi Mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatika nchi nzima, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, katika siku ambazo kila familia ya jiji hili ilitaka kujua mtoto wake yuko wapi.

Katika giza kama hilo, uvumi ndio unaokuwa mhariri mkuu. Haukaguliwi wala haukanushwi, na haukati leseni. Hii ndiyo hoja yetu kwa wale wanaodhani kwamba kuifunga habari kunalinda amani. Anayezima taa ili watu wasiogope vivuli amewaachia giza zima.

Turudi sokoni. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa 10 Julai 2021, wenye vizimba walikuwa na maswali ya tumbo: moto ulianzia wapi, nani atarudishwa, kwa orodha gani, kwa kodi kiasi gani? Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka yao wakilalamikia kodi na ukaguzi wa stoo. Habari zilienea nchi nzima, na Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Hebu tufikiri: kama habari ile isingetoka, nani angekuja? Wakubwa wana simu za wakubwa wenzao. Mnyonge hana njia nyingine ya kumfikia mtawala ila habari yake isomwe na wengi. Ndiyo maana gazeti linalofungiwa humwumiza mwenye kizimba kabla ya kumwumiza mhariri, ingawa mwenye kizimba hajawahi kulinunua.

9. Ufunguo wa Tatu

Katiba yetu, katika Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutoa maoni na haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Tuzingatie maneno hayo: kila mtu. Haki hiyo si ya waandishi, wala haikuazimwa kutoka wizarani. Ni ya mama ntilie wa Mtaa wa Kongo na ya mbeba mizigo wa Shimoni.

Basi upo ufunguo wa tatu, na huo uko kwetu. Tunapendekeza mambo matatu, madogo lakini yanayowezekana.

Kwanza, kila jumuiya ndogondogo ichange fedha inunue gazeti moja, au mawili yanayopingana, angalau mara moja kwa wiki, lisomwe kwa sauti na kujadiliwa. Fedha ya msomaji ndiyo fedha pekee isiyomdai mhariri anyamaze.

Pili, tuandike. Barua ya msomaji iliyobeba jina, mahali na tarehe ina uzito kuliko ujumbe mia wa simu usio na mwenyewe. Erica Fiah alikuwa mwenye duka. Hata ninyi mnaweza.

Tatu, gazeti lolote likifungiwa, hata lile tusilolipenda, hata la chama tusichokipigia kura, tuulize kwa adabu na kwa maandishi: kosa ni lipi, na mahakama gani imelisikiliza? Tukinyamaza linapofungwa la jirani, hatutakuwa na mdomo siku litakapofungwa letu.

Tulianza kwa kuuliza gazeti ni mali ya nani. Mpaka leo limekuwa mali ya mwenye kulifunga. Litakuwa mali yetu siku tutakapokuwa tayari kulilinda lisifungwe.



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni habari gani ya mtaa wetu ambayo sote tunaijua, lakini hatujaiona ikiandikwa? Kwa nini haijaandikwa?

2. Gazeti likiandika uongo juu ya mtu, afuate njia gani ili apate haki yake bila gazeti kufungiwa?

3. Sisi wenyewe tumewahi kumpa mwandishi bahasha, au kumnyima habari kwa sababu ilituaibisha? Tutafanya nini tofauti?